Marahaba Huchukua Muda Gani

Mtandao uliokufa kabisa hauna shida. Taa ya ruta inawaka nyekundu, unapiga simu huduma kwa wateja, unasikilizishwa muziki wao, fundi anakuja, maisha yanaendelea. Unaosumbua ni ule ulio mzima. Unafungua ukurasa, unafunguka. Unatuma ujumbe, unakwenda. Halafu saa fulani, bila sababu unayoiona, kila kitu kinachelewa sekunde mbili, sekunde tatu, kisha kinakaa sawa kabla hujamwita mtu aje kushuhudia. Ni kama homa ya mtoto inayopanda usiku kucha na kushuka asubuhi mlangoni pa zahanati.

Nyumbani kwetu Tabata ugonjwa huo ulitukalia karibu miezi mitatu. Ungekuwa unaharibu filamu na mpira tu, tungeuzoea kama tulivyozoea mgawo wa maji. Lakini mtandao huo ndio tuliokuwa tunautumia kumrudishia Baba maneno yake.

Baba ni mwalimu mstaafu. Amefundisha Kiswahili sekondari kwa miaka 34, mingi kati ya hiyo akiwa Tanga, na wapo watu wazima wenye mvi ambao mpaka leo wakikutana naye huzinyoosha sentensi zao kwanza ndipo wamwamkie. Kiharusi kilimpata mwaka juzi, katika kumi la mwisho la Ramadhani. Kiliuchukua mkono wa kulia, kikaulegeza mguu, kisha kikafanya jambo ambalo sisi nyumbani hatukuwa na jina lake: kilimwachia maneno yote, kikamficha njia ya kuyafikia. Hospitali walituambia jina. Afasia. Mimi nasoma shahada ya umahiri katika isimu, kwa hiyo neno nilikuwa nalijua, kwa namna ile ambayo mtu hulijua jina la mji ambao hajawahi kufika. Tulisomeshwa habari za Paul Broca, daktari wa Paris ambaye mwaka 1861 alimweleza mgonjwa aliyebakiwa na silabi moja tu, "tan", ilhali akielewa anachoambiwa. Alipofariki, Broca akakuta jeraha upande wa kushoto wa ubongo, sehemu ya mbele. Niliujibu swali lake kwenye mtihani. Sikuwahi kufikiri nitakaa naye mezani kunywa chai.

Baba hakubakiwa na silabi moja. Alibakiwa na mengi, ila kwa mpangilio wa ajabu. Akisoma Alfatiha hakwami hata herufi moja. Akihesabu moja mpaka kumi anatiririka. Ukimwamkia, "marahaba" inakutoka yeye kabla wewe hujafunga mdomo. Lakini mwonyeshe kijiko umuulize hiki nini: atakitazama, atakichukua, atafanya ishara ya kula, na sekunde zitapita moja baada ya nyingine huku akilitafuta neno ambalo amelisema maisha yake yote. Maamkizi, dua, hesabu, hata matusi ya mtu aliyejigonga kidole, ni usemi wa mazoea. Hutoka kwa mkupuo, mzima mzima. Kijiko lazima kitafutwe.

Wataalamu wa tiba ya usemi ni wachache mno nchini kwetu. Tuliyempata anaishi Nairobi, mama wa makamo mwenye sauti ya taratibu, na akakubali kumhudumia Baba kwa simu ya video, Jumanne na Alhamisi, saa 11 jioni, dakika 45. Baba alimpenda kwa sababu ambazo hakuweza kuzieleza ila zilionekana. Kila alipokosea ngeli, na Kiswahili cha Nairobi kina uhuru wake katika jambo hilo, Baba aliinua kidole cha mkono wa kushoto. Mama yule alicheka, akajisahihisha, na nadhani mara nyingine alikosea makusudi.

Zoezi lenyewe lilikuwa jepesi kulitazama. Picha inatokea kwenye skrini. Ngalawa. Kinu. Mwavuli. Baba anataja. Akichelewa, mtaalamu anasubiri, anahesabu sekunde kwenye karatasi yake, kisha anampa kidokezo, silabi ya kwanza: "nga…" Lengo ni sekunde zile zipungue mwezi hadi mwezi.

Mwezi wa tatu sekunde ziliongezeka. Katika taarifa aliyotutumia aliandika kwa upole kwamba wastani wa Baba umetoka sekunde nne ukaenda karibu saba, kwamba siku nyingine yuko vizuri na siku nyingine anarudi nyuma sana, na kwamba pengine tupumzike kidogo, tumpeleke akapimwe tena kichwa. Baba anasoma. Hilo watu husahau. Aliichukua simu ya dada, akaisoma taarifa yote, akairudisha mezani ikiwa imelala kifudifudi.

Mimi nilikuwa nakaa pembeni yake katika vipindi vile, nje ya kamera, nikimshikia miwani. Na kutoka pale nilipokaa, mambo hayakuwa hivyo. Baba alikuwa anajibu. Nilimsikia kwa masikio yangu akisema "kinu", polepole, lakini akisema, kisha tukakaa wote wawili tukiitazama sura ya yule mama ikiendelea kusubiri. Baada ya hapo sauti yake ilikuja, ya huruma, ikimpa kidokezo cha neno ambalo alikwisha kulisema: "ki…" Baba akalirudia. Jibu la kwanza likawa limefika huko, mama anasema "vizuri sana!" juu ya jibu la pili, Baba anadhani anaulizwa tena. Mzee wa miaka 68 anasaidiwa kama mtoto wa chekechea kazi ambayo amekwisha imaliza. Alhamisi moja alinyamaza picha tatu mfululizo, kwa kusudi. Kwenye karatasi ya Nairobi zile zilihesabiwa kuwa picha tatu zilizoshindikana.

Niseme hapa kwamba kwenye semina yangu ya uchambuzi wa mazungumzo tulikuwa tumesoma utafiti wa mwaka 2009 ulioongozwa na Tanya Stivers, uliopima lugha 10 za mabara mbalimbali: mtu akiulizwa swali la ndiyo au hapana, jibu huanza baada ya muda gani? Wastani wa jumla ulikaribia milisekunde 200, yaani sehemu moja ya tano ya sekunde. Wajapani walikuwa wepesi zaidi, Wadenmaki wazito zaidi, lakini hata tofauti hiyo ilikuwa ndogo kuliko kupepesa macho mara mbili. Kiswahili hakikuwamo. Binadamu, kwa maneno mengine, ana saa ndani yake inayopima ukimya wa mwenzake, na inakwenda kwa vipimo vidogo kuliko tunavyodhani. Watu wa simu wanalijua hilo. Shirika la kimataifa la mawasiliano, ITU, katika pendekezo lake liitwalo G.114, linashauri sauti isichelewe zaidi ya milisekunde 150 kwa upande mmoja, na linaiweka 400 kuwa mpaka wa juu wa kupangia mitandao. Baada ya hapo watu huanza kukatizana, kusema "samahani, endelea", kuonana wajinga. Sasa mchukue mtu ambaye ukimya wake ndio ugonjwa wenyewe, uuongezee ukimya usio wake.

Fundi wa kampuni alikuja siku ya Jumatano saa 4 asubuhi. Kijana mwungwana, alivua viatu mlangoni. Alipima kasi kwa simu yake: kushusha megabiti 19, kati ya 20 tulizolipia. Akasema mtandao wetu hauna tatizo. Aliuliza watu wangapi wanautumia, akamwona mpwa wangu amejikunyata kwenye kochi na simu, akacheka, "Gemu hizi, dada." Kuanzia siku ile dada yangu alipiga marufuku gemu siku za kazi. Mpwa wangu alitumikia kifungo cha wiki mbili na siku tatu, alikuwa anahesabu.

Kasi na kuchelewa ni vitu viwili. Jambo hili halielezwi vizuri popote ambapo mtu wa kawaida angelisikia, na matangazo ya makampuni yote yanataja kasi tu. Kasi ni upana wa barabara: magari mangapi yanapita kwa dakika. Kuchelewa ni muda ambao gari moja, lile ulilopanda wewe, linatumia kutoka Buguruni kufika Ubungo. Barabara inaweza kuwa na njia sita na bado ukakaa saa moja kwenye mataa. Sauti ya Baba haihitaji njia sita. Inahitaji kibajaji kimoja kinachofika.

Rafiki yangu mmoja anayesoma uhandisi wa mawasiliano alinionyesha chombo cha kupimia. Kimo ndani ya kila kompyuta na ni cha bure: programu iitwayo ping. Aliiandika Mmarekani Mike Muuss mwezi Desemba 1983, akaipa jina la mlio wa chombo ambacho nyambizi hutumia kusikiliza vilivyo majini. Kazi yake ni kutuma pakiti ndogo kwa mashine nyingine, mashine ile inairudisha, na unaambiwa safari ya kwenda na kurudi imechukua milisekunde ngapi. Basi. Nikamweleza rafiki yangu kwamba hilo sisi tunalo tangu zamani, linaitwa shikamoo. Alidhani namtania.

Alinishauri nisipime mahali pamoja tu. Nifungue madirisha matatu: moja limpigie ruta wetu sebuleni, la pili limpigie kifaa cha kwanza cha kampuni ng'ambo ya kisahani kilicho juu ya paa, la tatu seva ya mbali. Kila moja litume kila sekunde, liandike saa, na niache liandike mchana na usiku, siku zote, sio siku za shida tu. Ukimpima mgonjwa siku anazougua peke yake huwezi kujua uzima wake ukoje. Ucheleweshaji ukionekana tayari kwenye dirisha la kwanza, ugonjwa uko hewani, kati ya chumba cha Baba na sebule. Dirisha la kwanza likiwa safi na la pili chafu, ugonjwa uko kwenye mlango wa kutokea. Mawili yakiwa safi na la tatu chafu, basi ni huko duniani, na huko huna la kufanya zaidi ya kusubiri, kama tulivyosubiri Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika na nchi nzima ikawa inasukuma mtandao kwa mkono.

Siku ya kwanza tu dirisha la kwanza lilikuwa na madoa. Ruta iko mita 11 kutoka kitandani kwa Baba. Safari ya kwenda na kurudi ilipaswa kuchukua milisekunde mbili, tatu. Mara nyingi ilichukua hizo. Kisha ghafla 180, 240, 90, halafu tatu tena, na jioni madoa yalikuwa mengi kuliko asubuhi. Nilipakua programu ya kuonyesha mitandao ya jirani. Nyumba yetu ni ya ghorofa tatu, imebanana na nyingine mbili, na kutoka chumbani kwa Baba nilihesabu mitandao 19. Waifai ya kawaida hutumia masafa ya gigahezi 2.4, na humo, ingawa chaneli ni zaidi ya kumi, zisizopandiana ni tatu tu, ya 1, ya 6 na ya 11. Mitandao 19, vyumba vitatu. Na waifai ina adabu: kabla ya kusema husikiliza kwanza kama kuna mwingine anasema, na akiwapo, hungoja. Jioni watu wamerudi kazini, kila mtu anangoja kila mtu. Tanuri za maikrowevu nazo hutumia masafa hayohayo, wala hazina adabu hiyo.

Masafa ya gigahezi 5 yalikuwa matupu, jirani wawili tu, lakini hayapendi kuta. Kati ya sebule na chumba cha Baba kuna kuta mbili za tofali la saruji, na ishara ilifika imechoka. Kwa hiyo nilikwenda Kariakoo nikanunua mita 20 za waya. Dada hakufurahi. Alisema ametoka kwenye waya ili asiwe na waya. Nikaupitisha juu ya fremu za milango, nikaubana kwa misumari midogo ya plastiki, nikauchomeka moja kwa moja kwenye kompyuta ya Baba. Dirisha la kwanza likawa jeupe kabisa: chini ya milisekunde moja, saa baada ya saa.

Kipindi cha Jumanne kilikwenda vizuri. Cha Alhamisi, dakika ya thelathini na nane hivi, sekunde mbili zilirudi.

Ninaukumbuka ukimya ule vizuri kwa sababu sasa nilikuwa na madirisha yangu matatu kwenye kompyuta ya pili, nimeyatazama kwa macho mawili. La kwanza jeupe. La pili lilipanda kama ngazi: 40, 130, 600, 1,400, 2,100. Hakuna pakiti iliyopotea. Hilo ndilo lililonishangaza. Zote zilifika, zimechelewa tu, kwa utaratibu, kama watu waliokaa foleni bila kusukumana. Saa 11:38 jioni ilianza, saa 12:20 ikashuka ghafla ikarudi 40. Kompyuta huandika 17:38 na 18:20, nami nilikuwa nimezoea kuzitafsiri kichwani, na katika kuitafsiri ile 17:38 nikasikia sauti ya funguo. Dada alikuwa ameingia saa ile. Alisema hodi, akaweka mifuko, akaenda kuoga.

Dada yangu anapamba kumbi. Harusi, singo, kitchen party. Vitambaa, maua, taa za kuning'iniza. Akimaliza kupamba hurekodi video ndefu za ukumbi mzima, kwa sababu wateja wapya hununua kwa macho. Simu yake imepangwa, kama simu nyingi, kupeleka nakala za picha na video kwenye hifadhi ya mtandaoni pale tu inapopata waifai, ili isile bando. Siku ambayo hakuwa na ukumbi hapakuwa na cha kupeleka. Siku aliyokuwa nao, aliingia mlangoni na gigabaiti moja mfukoni, na simu, bila kuguswa na mtu, ikiwa ndani ya mkoba juu ya kochi, ikaanza kupakua mzigo. Nilifungua daftari lake la kazi. Tarehe mbaya zote katika karatasi ya Nairobi zilikuwa siku za ukumbi, isipokuwa moja.

Kifurushi chetu kina megabiti 20 za kushusha lakini 2 tu za kupandisha. Megabiti 2 ni kilobaiti 250 kwa sekunde. Simu ya dada ina uwezo wa kusukuma mara nyingi zaidi ya hapo. Kinachozidi hakitupwi, kinawekwa kwenye bafa, ghala dogo la kungojea, mahali fulani kati ya ruta na mlingoti. Ghala likiwa la kilobaiti 500, atakayejiunga mkiani atangoja sekunde mbili. Na sauti ya Baba, "kinu", pakiti ndogo zisizojaza hata kiganja, zilijiunga mkiani, nyuma ya ukumbi mzima wa harusi. Swali la mama wa Nairobi lilishuka bila shida, maana njia ya kushuka ilikuwa tupu. Jibu ndilo lililokaa foleni. Ndiyo maana sisi huku hatukuona chochote cha ajabu kwenye picha yake, na yeye kule alimwona mzee asiyejibu.

Mhandisi wa Kimarekani, Jim Gettys, alikutana na jambo hili nyumbani kwake mwaka 2010 akiwa anahamisha mafaili, akaanza kulipigia kelele. Aliliita uvimbe wa bafa. Watengenezaji walikuwa wameongeza maghala makubwa kwa nia njema, kumbukumbu ikiwa rahisi, wakiona ni vibaya pakiti kupotea. Lakini kompyuta inayotuma hupunguza mwendo inapoona pakiti zinapotea. Ukizihifadhi zote haijui kwamba barabara imejaa, inaendelea kusukuma. Mwaka 2012 Kathleen Nichols na Van Jacobson walitoa dawa, kanuni inayopima pakiti imekaa foleni muda gani badala ya kuhesabu foleni ni ndefu kiasi gani, na zikikaa sana inaanza kuzitupa chache ili mtumaji apate habari. Waliofuata wakaongeza kitu cha haki zaidi: kila mazungumzo yawe na foleni yake, na mwenye mzigo mdogo asingoje nyuma ya mwenye mzigo mkubwa. Yeyote aliyewahi kusimama kaunta moja ya benki na soda moja ya hesabu mkononi, nyuma ya mwenye gunia la sarafu, angeligundua hilo bila hisabati.

Ruta tuliyopewa na kampuni haikuwa na mpangilio huo. Rafiki yangu alinipatia ruta iliyotumika, shilingi 60,000, akaiwekea OpenWrt, programu huria ambayo wapenzi wa mambo haya wameiendeleza tangu 2004. Ujanja ulikuwa kuibana ruta yetu ipandishe megabiti 1.7 tu, chini kidogo ya 2 za kampuni. Kwa njia hiyo ghala lao halijai kamwe. Foleni inahamia kwetu, na kwetu tunaweza kuipanga. Nilimwomba dada arekodi video ya dakika kumi ya chochote. Alirekodi jiko. Simu ikaanza kupandisha. Dirisha la pili: 41, 44, 52, 43. Mpwa wangu, aliyekuwa amesimama nyuma yetu mikono imekunjwa kama wakili, aliuliza sasa nani atamlipa wiki zake mbili.

Mtandao kupona ni nusu ya kazi. Karatasi ya Nairobi ilikuwa bado ina sekunde saba. Nilimwandikia yule mama barua ndefu, nikaambatisha grafu, tarehe za kumbi, na faili za sauti nilizorekodi kwa simu iliyokuwa kifuani kwa Baba katika vipindi viwili vya mwisho. Katika rekodi hizo swali la mtaalamu linasikika likitoka kwenye spika na jibu la Baba linasikika kutoka mdomoni mwake, hewa ni moja, hapana mtandao katikati. Nilipima kila moja kwa programu tunayotumia kwenye fonetiki. Wastani ulikuwa sekunde 3.9. Aliniandikia usiku uleule. Barua yake ilianza kwa neno "Pole", ikiandikiwa Baba, sio mimi.

Tulikubaliana njia ya kujipima humohumo kwenye kipindi, maana hakuna anayejua lini kitu kingine kitaharibika. Kila baada ya picha tano anamwamkia. "Shikamoo, mwalimu." Marahaba ya Baba haina ugonjwa, inatoka palepale. Kwa hiyo kuchelewa kokote atakakokusikia kabla ya marahaba ni kwa mtandao, na anakipunguza kwenye hesabu ya picha zinazofuata. Baba hakuelezwa mara ya kwanza. Aliitikia ya mwanzo kwa heshima, ya pili kwa mshangao, na ya tatu alinigeukia, akanitazama, akatafuta, akatafuta, akasema, "Huyu… mama… amesahau?" Maneno matatu yaliyopangika, swali, tena ya kusengenya. Mama wa Nairobi aliyasikia yote. Aliandika sekunde sita na akachora nyota.

Walimpima kichwa tena mwezi wa tano kwa vile miadi ilikuwa imeshawekwa. Hapakuwa na jeraha jipya.

Kilichobaki sasa ni chake. Hili nalo lilikuwa na uzito wake, kwa sababu ule mtandao mbovu ulikuwa pia umetupa mahali pa kuegemea: neno likikwama, tulisema ni mtandao, hata siku ambazo haukuwa. Sekunde 3.9 si 0.2. Kijiko bado kinamchukua muda, na mwavuli mara nyingine haumjii kabisa, na madirisha yangu matatu yakiwa meupe hakuna pa kuangalia isipokuwa uso wake.

Kaka yetu wa Mwanza hupiga Jumapili baada ya adhuhuri. Zamani, kila Baba alipokaa kimya, kaka alisema kwa sauti kubwa, "Mtandao wenu huo! Nitapiga baadaye," na simu ikakatika. Jumapili iliyopita alimuuliza Baba amekula nini. Baba alifungua mdomo. Kaka akaanza, "Mtandao…"

"Mtandao mzima," nikasema. "Analitafuta. Subiri."

Nilimwona kaka kwenye kioo akiweka simu mahali, akiiegemeza kitu, akikunja mikono. Nyuma yake mtu alikuwa anaosha vyombo. Baba alikuwa amefumba macho na kidole cha kushoto kilikuwa kinagonga meza, taratibu.

"Pweza," akasema. "Wa nazi."